Mwaka Tuliohesabu Miezi ya Sifa

Tulimzika Koko wiki jana, na tangu tutoke makaburini watu wamekaa katika parsele ya shemeji, ua wa nyumba yake hapa Shari, chini ya maturubai, wanakula na kumsifu marehemu. Mimi nimepewa kazi ya maharagwe. Jiko limeegemezwa kwenye ukuta wa salon, chumba cha kukaa, na juu kuna tundu la moshi, basi kila kinachosemwa ndani kinanifikia. Karibu yote ninayoyajua juu ya watu wa nyumba hii niliyapata kwa tundu lile. Jana mama mmoja wa kanisa alisema Koko hakubagua mjukuu hata mmoja. Nikaacha mwiko. Sitaki kumhukumu mtu aliyekwisha kwenda, na mama yule pengine alisema vile anavyojua. Lakini nilimtazama dada yangu mkubwa Kavira, ninayemwita yaya, aliyekuwa anapepeta mchele karibu nami, nikaona ameinamisha uso kupita vile mchele unavyotaka. Koko, yaani bibi wa watoto, alikuwa mama mkwe wake. Kama kuna mwaka ninaopaswa kuuandika kwa haki, ni ule nilipokuwa na miaka kumi na nane. Nilikuwa nimekuja kukaa hapa kumsaidia yaya. Mtoto wake Sifa alikuwa na miaka minane, yuko darasa la tatu, na sisi watu wazima wote tulikuwa tunamtazama vile mtu wa soko anavyotazama noti asiyoiamini.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Sifa alizaliwa miezi saba baada ya ndoa. Yaya alisema mtoto amekuja mbele ya wakati. Koko alisema mtoto amekuja wakati wake barabara, ni ndoa ndiyo iliyochelewa. Hakusema zaidi ya hapo, lakini aliyesikia alimaliza mwenyewe: mwanawe alikuwa amemjua Kavira muda mfupi sana mbele ya ndoa, sasa mimba ilikuwa ya nani? Wamama wa kwao, na wa kwetu pia, wana namna ya kumpima mtoto mchanga. Wanatazama kucha kama zimefika mwisho wa kidole. Wanatazama nyayo kama zina mistari. Wanakunja sikio kidogo: la mtoto aliyetimiza miezi linarudi lenyewe, la mtoto wa miezi saba linabaki limekunjwa kama kitambaa. Koko alitoka kwake asubuhi kuja kupima. Lakini kwenye maternité, hospitali ya wazazi, walikuwa wamemfunga mtoto kifuani mwa yaya, ngozi kwa ngozi ndani ya kitenge, kofia mpaka nyusini, soksi kwenye mikono. Muuguzi alisema hafunguliwi, joto la mama ndilo linamlea. Koko alikaa kwenye benchi mpaka jua likageuka, akaona kofia tu. Siku mtoto alipofunguliwa, wiki nyingi baadaye, alikuwa amenenepa, kucha zimekua, masikio yamekaza. "Mulinifichia mutoto," Koko alisema, na neno hilo likakaa katika nyumba kama kiti. Karatasi za hospitali zilipotea wakati tulikimbia vita, kama vitu vingine vyote.

Mimi wakati ule wa kuzaliwa kwa Sifa nilikuwa na miaka kumi, na yaya alipokwenda kuoga walinifunga mimi mtoto kifuani. Alikuwa mwepesi, ni joto tu ndilo lilikuambia kuna mtu. Nilichezea sikio lake chini ya kofia. Nililikunja, likabaki limekunjwa. Niliogopa nimeliharibu, nikalirudisha kwa kidole. Jambo hilo sikulificha. Mwaka ule ninaousema nililisema mbele ya Koko, nikimenya viazi. Alinitazama kwa upole, kweli kwa upole, akasema: "Mudogo wa Kavira, sasa weye ungesema nini ingine?" Naye alikuwa na haki yake. Ndugu akimshuhudia ndugu, nani anaandika? Tena mimi sikuwa nimewahi kukunja sikio la mtoto mwingine yeyote. Pengine masikio ya wachanga wote yako vile. Nikarudia viazi vyangu.

Sifa alikuwa mdogo wa umbo, na macho makubwa yaliyofika mahali mbele ya miguu yake. Asubuhi tulikunywa chai katika salon, kwenye meza yenye nailoni ya maua, na mikate ya mafuta katika sahani moja. Wadogo zake walikula wakigombana. Yeye alishika mkate, akautazama, akasema tumbo linauma. Alitafuna kola ya iniforme mpaka ikalegea. Kila Jumamosi niliishona upya. Njiani kwenda masomoni, yaani shuleni, aliniuliza: "Mama mudogo, utakuja kunikamata?" Nikamwambia nitakuja kumchukua. Tukipita kwa fundi wa viatu akauliza tena. Tukifika kwenye mfereji akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama hajawahi kuuliza. Siku nyingine nilimjibu vizuri, siku nyingine nilimwambia ninyamazie. Kengele ya masomo ilikuwa jante ya lori, rimu ya chuma ya gurudumu, iliyoning'inizwa kwenye mti, na ikipigwa Sifa alifunga masikio na kuingia chini ya benchi. Wenzake walimwita Jante. "Jante, ndugu yako iko nakuita," walimwambia, na wengine waligonga sahani makusudi nyuma yake. Mwalimu wake, madamu kijana mwenye subira, aliniambia kwenye mlango: "Kusoma anapita wote. Lakini kelele ikija, anapotea, na akirudi hajui tulifika wapi. Nyumbani kuko nini?" Nilisema nyumbani kuko muzuri. Nilijibu upesi sana, na nikaona ameona.

Nyumbani kulikuwa na Jumamosi. Siku hiyo Koko alikuja na maziwa ya ng'ombe wake katika kibuyu cheusi, kinachonuka moshi. Mfuniko wa kibuyu ulikuwa kama kikombe kidogo, na wajukuu walinyweshwa kwa huo, mmoja mmoja, kutoka mkononi mwa Koko: wadogo zake Sifa, watoto wa shemeji mdogo, wote. Sifa alitiliwa katika kikombe cha plastiki, kile cha bluu, akapewa kama mgeni. Maziwa yalikuwa yale yale. Wingi ulikuwa ule ule, wakati mwingine aliongezewa. Nasema hivyo ili nisimwonee Koko. Lakini sikuwahi kuona mfuniko ule unakwenda kwenye mdomo wa Sifa, na ninajua nilikuwa naangalia, kwa sababu mwaka ule sikufanya kazi nyingine ya maana zaidi ya kuangalia.

Baada ya maziwa watoto walitoka kucheza, na Sifa aliingia chini ya meza na sahani ya maharagwe, achambue. Watu wazima walimsahau pale, ao walijifanya kumsahau. Yaya alianza. "Si muliona leo asubui? Alitapika mbele ya kufika ku masomo. Mutoto ya miezi saba njo vile, alitoka mbele kichwa yake ikomae." Koko akajibu akiwa anafuta mfuniko: "Kichwa yake imekomaa kutupita siye wote. Iko natucheza. Aende Aru kwa shangazi yake. Kule hakuna wa kumubembeleza, woga itaisha yenyewe." Yaya: "Muganga alisema..." Koko: "Muganga gani? Ule wa kofia?" Shemeji, mtu wa magari na wa maneno machache, alitazama redio kana kwamba imesema jambo. Na chini ya meza maharagwe yaliacha kuanguka katika sahani. Hilo nililisikia. Mikono ilisimama, ikaendelea, ikasimama, kufuata maneno.

Sasa niandike lililo gumu zaidi. Nilianza kumshuku yaya wangu. Kulikuwa na siku Sifa aliamka mchangamfu, akala mkate wote, akavaa viatu mwenyewe. Mke wa jirani alikuwa amepita kuomba makaa. Yaya akamgeukia mtoto mbele yake: "Tumbo haiume leo?" Sifa akasema hapana. "Hata kidogo?" Mtoto akamtazama mama, muda mrefu kama mtu anayesoma, akaweka mkono juu ya tumbo. Jirani akasema pole, mutoto wa mbele ya wakati. Yaya akashusha pumzi. Nilijiuliza kama ninaona vibaya. Mama akiuliza tumbo la mtoto ni kosa gani? Na mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, sijamaliza masomo, nani aliniweka kuwa jaji. Lakini baada ya siku hiyo nilihesabu kichwani mwangu mambo ambayo mdogo mtu hapaswi kuhesabu. Nilikumbuka kwamba mbele ya ndoa yaya alikuwa anakataa sombe, mboga ya majani ya muhogo, anasema inamnukia. Nilikumbuka pia kwamba alikuwa na malaria. Vyote viwili vilikuwa kweli. Nililala na vyote viwili.

Karibu na Pasaka mambo yakakazana. Siku ya mtihani jante ilipigwa, Sifa akaingia chini ya benchi na karatasi yake ikabaki nyeupe. Direkta wa masomo alituita. Alikuwa mzee wa heshima, alitupa viti. "Mutoto huyu tunamupenda," alisema. "Lakini kama trimestre hii ya masomo inaisha vile, sitaweza kumuandika tena. Madamu ana batoto wengi, hawezi kukaa na moja chini ya benchi." Jioni shemeji alisema, bila kumtazama yaya, kwamba gari yake inapanda Aru baada ya sikukuu, na mtoto ataenda nayo. Yaya hakulia. Alisema: "Mbele ya kuenda, aonekane na muganga." Koko, aliyekuwepo, alikubali kwa haraka iliyonishangaza. "Muzuri," alisema. "Na mi nitaenda pale."

Kwenye kituo cha afya kulikuwa na mama mmoja sikolog, yaani muganga wa kusikiliza mawazo, aliyekuja siku fulani za wiki. Chumba chake kilikuwa karibu na mahali wanapopimia watoto uzito, na kilio cha wachanga kiliingia kwa dirisha. Sifa alifunga masikio tangu mlangoni. Tulikaa kwenye benchi moja, sisi wanawake watatu na mtoto. Shemeji alibaki kusimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mama yule hakuwahi hata kuuliza majina, Koko akatangulia. "Mama, mi niko na swali moja tu. Batoto ya miezi saba, banakuwaka vile?" Nikaona yaya ameacha kufunga kitenge chake. Ndipo nilielewa kwamba wote wawili walikuja na swali moja, kila mtu akingoja limpe yeye haki.

Mama sikolog alifikiri mbele ya kujibu. "Wengine ndiyo," alisema. "Mutoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati, akakomaa vizuri, akatembea, akasema, na watu wakasahau. Halafu akifika ku masomo unaona woga mwingi, ao mawazo haitulii, ao kelele inamuumiza kuliko wenzake. Wengine hawana hata kimoja." Yaya akanyoosha mgongo. "Na kuko waliotimiza miezi yote," mama yule akaendelea, "nao wako vile vile, zaidi huku kwetu, na mambo tulipitia." Koko akainama mbele. "Kwa hiyo ukimuangalia tu, hauwezi kujua alizaliwa na miezi ngapi." "Siwezi. Na nikijua, haitanisaidia kumuponya." Hakuna aliyefurahi. Yaya alisema polepole: "Mi njo nilimuzaa." Mama sikolog akasema: "Nimesikia, mama. Sasa muniachie yeye."

Sifa alikataa kubaki bila mimi, akashika fundo la kitenge changu, basi nikabaki kwenye kona. Nilimshuku na mama yule pia. Nilidhani ataanza kuuliza nyumbani kuko nini, kama madamu. Hakuuliza. Alimpa karatasi na kalamu, akasema achore mahali wanapokulia. Sifa alichora salon. Alichora kiti cha Koko, kiti cha mama, baba na redio, na mimi nikiwa kichwa tu kwenye tundu la moshi. Niliona haya. Alijichora mwenyewe chini ya meza.

"Sababu gani uko chini ya meza?"

"Njo pale nasikiaka muzuri."

"Unasikiaka nini?"

"Banahesabu miezi yangu."

Mama sikolog hakuandika chochote. Alimuuliza kama angependa woga uishe. Sifa alitafuna kola muda mrefu. Nje mtoto mchanga mmoja alilia, akanyamazishwa. "Ikiisha," Sifa alisema, "batasema mama alidanganya."

"Na isipoisha?"

"Nitaenda Aru." Kisha akanigeukia: "Mama mudogo, utanirudisha nyumbani?"

Nimekaa na maneno yale miaka mingi, na bado sijui nani alimfundisha. Naamini hakuna. Aliyapata mwenyewe pale chini, katikati ya maharagwe, kama mtu anayechambua.

Wengine walipoingia, mama sikolog alisema hatatoa maneno ya mtoto, ni yake. Alisema hivi tu: "Huyu mumemufanya shahidi katika kesi ya watu wakubwa. Shahidi hawezi kupona wakati kesi inaendelea. Kama munataka kuisemaka, museme mahali yeye haiko." Akanifundisha mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetembea naye, jambo moja juu ya maswali yake ya kurudia: nimjibu mara moja, vizuri, nikimtazama, akiuliza tena, nisimkemee wala nisirudie, nimuulize, "Nilikuambia nini?" ili jibu alibebe yeye mwenyewe. Shemeji alichezesha funguo. Mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mama yake alisema: "Mama, Aru hapana. Mutoto ni wangu. Hata kama alizaliwa na miezi mbili, ni wangu." Koko akamtazama kutoka chini mpaka juu. "Na miezi mbili hakuna muntu anazaliwaka," alisema. Yaya akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na Koko alimpa pembe ya kitenge chake apanguse uso. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nimeliweka hapa kwa sababu wanaosema vibaya juu ya Koko hawakuwepo pale.

Haikuwa muujiza. Direkta alikubali kungoja, na madamu akapata wazo: Sifa mwenyewe ndiye apige jante. Anayepiga hashtuki, alisema. Siku za kwanza mtoto alipiga kwa woga, jante ikatoa sauti kama sahani. Halafu akapiga watu wakasikia mpaka barabarani. Wenzake waliendelea kumwita Jante, lakini sasa walilisema wakimtazama mkononi, kujua kama saa ya kutoka imefika. Siku nyingine tumbo liliuma bado. Siku ya mvua kubwa yenye radi alirudi chini ya benchi. Yaya alijizuia kuuliza tumbo. Niliona vile alivyojizuia, mdomo ukifunguka na kufungwa, na sikumshuku tena kama zamani, ingawa siwezi kuapa kwamba niliacha kabisa. Miezi haikuhesabiwa tena katika salon. Kama ilihesabiwa mahali pengine, tundu langu halikufika huko.

Na maziwa. Jumamosi ya kwanza baada ya kituo cha afya, Koko alikuja na kibuyu kama kawaida, watoto wakajipanga. Nilisimama mlangoni nione. Koko alinitazama, akajua ninangoja nini. Akaniambia: "Leta vikombe." Nikaleta. Akatia maziwa katika vikombe vya plastiki, kwa wote, wadogo kwa wakubwa, hakuna aliyenyweshwa kwa mfuniko. Mmoja wa wadogo akalia anataka mfuniko, Koko akamwambia mfuniko umechoka. Tangu siku hiyo mpaka alipoacha kuja na maziwa, ilikuwa vikombe. Sikumwona akimpa Sifa mfuniko hata mara moja. Niliwahi kuugeuza mkononi nikiuosha, kutafuta kama umepasuka. Haukupasuka. Lakini macho yangu si ya kutegemea sana, na moshi ulikuwa umeupaka weusi.

Jana, baada ya yule mama wa kanisa kumsifu Koko, Sifa aliingia jikoni. Amekuja kutoka Ariwara, anakouza vitenge; ana mume mpole na tumbo la mimba lililoanza kuonekana. Bado ana macho yale. Bado, akitoka nyumbani, anarudi kutazama mlango kama umefungwa, na mume wake anamngoja bila kusema kitu. Alikaa kwenye kigoda, akanisaidia kuchambua maharagwe ya kesho. "Mama mudogo," alisema, "kliniki waliniuliza kama mi nilizaliwa mbele ya wakati. Wanasema inafaa wajue. Weye ulikuwa pale. Nilizaliwa na miezi ngapi?" Nyuma yangu mchele uliacha kupepetwa. Sijui kama kweli ni kliniki iliyouliza, ao ni yaya aliyemtuma sasa kwa kuwa Koko hawezi tena kujibu. Niliwaza vyote viwili, na nikaona kwamba mara hii haibadili kitu. Tangu mwaka ule nimezaa watoto wanne, wote kwa miezi yao, na kila mmoja, siku ya kwanza kabla hata ya kumpa ziwa, nilimkunja sikio. Sikumwambia mtu kwa nini.

"Miezi siwezi kuapia," nilimwambia, nikimtazama. "Lakini nilikubeba kifuani, nikakunja sikio yako, na ilibaki imekunjwa. Ilikuwa laini kama kitambaa. Ya batoto yangu ine yote ilirudi. Ya kwako haikurudi, mpaka nilipoirudisha na kidole."

Maharagwe yalianguka katika sahani, moja, moja. Nyuma yangu ungo ulianza tena, polepole. Kisha Sifa akauliza, kwa sauti ile ile ya njiani kwenda masomoni, kama hajawahi kuuliza: "Mama mudogo, kweli nilizaliwa mbele ya wakati?"

"Nilikuambia nini?"

Alipandisha mkono wenye vumbi la maharagwe, akakunja sikio lake, akaliachia.

"Ilikuwa laini," alisema. "Weye njo uliirudisha."